Ukuta wa Portobello: kapteni aliyeua mahabusu watatu Dublin mwaka 1916, na waliomwachia

Walipompekua Francis Sheehy-Skeffington katika kambi ya jeshi ya Portobello, Dublin, jioni ya Jumanne tarehe 25 Aprili 1916, hawakumkuta na bastola, wala ramani, wala barua ya siri. Alikuwa na karatasi za kuandikisha wanachama wa kikundi cha raia alichojaribu kukianzisha ili kuzuia uporaji wa maduka. Kwetu tungekiita sungusungu, ukiondoa rungu na panga. Kesho yake, saa nne asubuhi ikiwa imepita kidogo, mtu huyo alikuwa maiti kwenye ua mdogo wa kambi, pamoja na waandishi wa habari wawili ambao hawakuhusika kwa lolote na uasi uliokuwa ukiendelea mjini. Aliyeamuru wapigwe risasi ni Kapteni John Bowen-Colthurst wa kikosi cha Royal Irish Rifles. Hakukuwa na mashtaka wala kesi, na hakuna mkubwa wake yeyote aliyemtuma.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama habari ya mtu aliyerukwa na akili, na mahakama ya kijeshi ndivyo ilivyoamua. Sikatai kwamba kapteni alikuwa na matatizo. Lakini kila ninapopitia mtiririko wa saa zile, tangu Skeffington alipokamatwa hadi alipouawa na siku kumi zilizofuata, nawaona zaidi waliokuwa kando ya kapteni: luteni aliyeachiwa mateka darajani, luteni wa zamu mlangoni, kamanda mezani kwake, wakubwa wa makao makuu kwenye simu. Bila hao, kapteni angekuwa mtu mmoja mwenye hasira na bastola. Yeye alikuwa na mamlaka, na hakuna aliyemnyang'anya.

Wiki ya Pasaka

Ireland ya wakati huo yote ilikuwa chini ya Uingereza, na Uingereza ilikuwa vitani na Ujerumani tangu 1914. Sheria ya kuipa Ireland serikali yake ya ndani ilikuwa imepitishwa na kuwekwa kabatini mpaka vita viishe. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 24 Aprili, waasi waliteka Posta Kuu ya Dublin na majengo mengine wakatangaza jamhuri. Siku tatu kabla yake, Roger Casement, yule yule ambaye ripoti yake ya 1904 iliwafichulia walimwengu ukatili wa utawala wa mpira kule Kongo, alikuwa amekamatwa pwani ya Kerry akitokea Ujerumani kwa nyambizi. Ndiyo maana kila uvumi kuhusu Wajerumani uliaminika wiki ile. Jumanne, serikali ikatangaza sheria ya kijeshi Dublin.

Tangazo hilo ndilo kiini cha kisa chote, maana watu wengi waliovaa sare hawakujua linaruhusu nini. Linawapa wanajeshi nguvu ya kuzuia watu, kupekua, kuweka vizuizi, na raia aliyeshika silaha anaweza kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Halimpi afisa ruhusa ya kumtoa mahabusu aliyefungiwa na kumuua. Hata viongozi wa uasi wenyewe, watu 15 waliopigwa risasi kati ya tarehe 3 na 12 Mei, walipitishwa kwanza mbele ya mahakama, ingawa ilikuwa mahakama ya faragha, ya haraka na isiyo na wakili wa kuwatetea.

Portobello iko kusini mwa jiji, eneo la Rathmines, ng'ambo ya mfereji. Kamanda wake halisi alikuwa mgonjwa, na Meja Rosborough akawa anashikilia nafasi. Ndani walikuwamo askari wa kikosi cha akiba pamoja na wengine wa vikosi mbalimbali waliokutwa likizo mjini, wakaja kuripoti pale walipoweza. Maafisa hawajuani, askari hawawajui maafisa. Palikuwa na hofu kwamba kambi ingevamiwa. Hali hiyo naitaja kwa sababu ni ya kweli, na mtu akitaka kuwaelewa waliokuwamo lazima aanzie hapo. Haiwaondolei wajibu wao.

Mtu mwenye kaptula na kapteni wa Dripsey

Skeffington alizaliwa 1878, kaunti ya Cavan. Alipomwoa Hanna Sheehy mwaka 1903 alilichukua jina la mkewe akaliunganisha na lake. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya usajili pale chuo kikuu baada ya kugombana na uongozi juu ya haki za wanafunzi wa kike. Hakula nyama, hakunywa pombe, hakuvuta sigara. Alifuga ndevu, akavaa suti ya sufu yenye suruali inayoishia magotini, na kifuani beji ya kudai kura kwa wanawake. Mji mzima ulimjua. Wahuni wa mitaani walimpigia kelele akipita, naye hakubadili nguo wala njia.

Alikuwa mpinga vita wa kweli. Mwaka 1915 alifungwa kwa kuwahutubia vijana wasijiandikishe jeshini, akagoma kula mpaka wakamwachia. Alitaka Ireland ijitawale, ila hakutaka bunduki zitumike kuifikisha huko, na aliwaambia hivyo hata marafiki zake waliokuwa wakijiandaa kwa uasi. Jumatatu ya uasi, aliposikia kwamba afisa wa Kiingereza amelala anavuja damu karibu na Dublin Castle, makao ya utawala wa Uingereza, alimchukua mwuza dawa mmoja wakavuka barabara iliyokuwa ikipigwa risasi kwenda kumsaidia. Walipofika, wenzake afisa yule walikuwa wameshamwondoa. Hanna alipomgombeza, alijibu kwamba asingeweza kumwacha mtu afe kwa kutoka damu na yeye anaweza kusaidia.

Kapteni naye hakuwa mgeni aliyetoka London. Alizaliwa 1880 katika ukoo wa wenye mashamba, jumba la Dripsey, kaunti ya Cork. Alipigana vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, akaenda na msafara wa Tibet, akatumikia India. Agosti 1914 alikuwa kwenye mapambano ya Mons, Ubelgiji, na kurudi nyuma kwa jeshi kulikofuata, Septemba akajeruhiwa kwenye mto Aisne, akarudishwa nyumbani. Machi 1915 mdogo wake aliuawa vitani. Aliyekuwa mkuu wake vitani Ufaransa alikuja kueleza mahakamani mambo ya ajabu kapteni aliyoyafanya wakati wa kurudi nyuma kule, likiwamo la kuwageuza askari wake warudi kumkabili adui ilhali amri ilikuwa kurudi nyuma. Jeshi, kwa maneno mengine, lilikuwa linamjua. Ushahidi huo ulitolewa ili kumtetea, na ulimsaidia. Mimi naukuta unauliza swali ambalo mahakama haikuligusa: kama mkuu wake aliyaona hayo mwaka 1914, kwa nini mwaka 1916 alikuwa na askari chini yake katikati ya mji uliojaa raia?

Usiku

Jumanne jioni Skeffington alikuwa anarudi kwake kwa miguu, Grosvenor Place, Rathmines. Mkutano wake wa kuunda kikundi cha ulinzi ulikuwa umehudhuriwa na watu wachache sana. Nyuma yake kundi la watu lilikuwa likimfuata na kulipigia kelele jina lake. Alipofika daraja la Portobello, luteni aliyekuwa na doria pale aliona kundi lile litaleta fujo, akamkamata. Kambini walimwuliza kama anawaunga mkono waasi. Akajibu kwa unyofu wake wa kawaida kwamba madai yao anayaunga mkono, utumiaji silaha hapana. Hakuna shtaka lililoandikwa. Afisa msaidizi wa kamanda aliwapigia makao makuu, akaambiwa amshikilie.

Yapata saa tano usiku Bowen-Colthurst alikwenda chumba cha walinzi akamtaka mahabusu huyo. Alikuwa anatoka na askari wapatao 40 kwenda kupekua duka, na alimhitaji kama mateka. Kwa kanuni za jeshi, mlinzi hatoi mahabusu bila amri ya maandishi. Luteni Dobbin, afisa wa walinzi, hakuwa ametimiza hata miaka 20. Kapteni mwenye medali, mrefu, mwenye sauti nzito, amesimama mbele yake. Akamtoa.

Mikono ya Skeffington ilifungwa nyuma. Kapteni akamwambia asali. Alipokataa, kapteni alivua kofia akasali yeye mwenyewe kwa sauti, akamwomba Mungu amsamehe mtu huyu iwapo itampendeza kuichukua roho yake. Nje, barabara ya Rathmines, walikutana na vijana wawili wanatoka kwenye mkutano wa dini kanisani. Kapteni aliwauliza kama hawajui kwamba sheria ya kijeshi imetangazwa na kwamba anaweza kuwaua kama mbwa. Mmoja wao, kijana aliyeitwa Coade, alipogeuka aondoke alipigwa kitako cha bunduki usoni, kisha akapigwa risasi. Wakamwacha barabarani. Skeffington alilalamika kwa sauti juu ya mauaji yale, na mikono yake imefungwa, akaambiwa anyamaze kwani zamu yake inaweza kufuata.

Darajani kapteni aliligawa kundi. Skeffington aliachwa kwa Luteni Leslie Wilson na askari kadhaa, na agizo lilikuwa hili: sisi huko mbele tukishambuliwa, mpige risasi huyu. Miezi minne baadaye, akiwa amekula kiapo mbele ya tume ya uchunguzi, Wilson alisema agizo lile hakuliona kuwa la ajabu na kwamba angelitekeleza. Katika kisa chote hakuna ushahidi unaonisumbua kuliko huo. Hakuna daktari aliyewahi kumtilia Luteni Wilson shaka ya akili.

Duka lenyewe lilikuwa la tumbaku, mali ya diwani James Kelly, pembeni mwa mtaa wa Camden. Kulikuwa na diwani mwingine, Tom Kelly, aliyejulikana kwa siasa za Sinn Féin, chama cha waliotaka Ireland ijitawale. Walivamia kwa Kelly asiye wao. Walirusha bomu la mkono, wakaingia, wakawakuta wahariri wawili waliokuwa wamejikinga humo: Thomas Dickson, Mskoti mfupi mwenye ulemavu, na Patrick McIntyre. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mwasi, na gazeti la McIntyre lilikuwa upande wa serikali. Wote wawili waliswagwa hadi kambini, wakafungiwa. Skeffington alirudishwa seli akiwa hai, kwa kuwa tu hakuna aliyewafyatulia risasi.

Asubuhi

Inasemekana kapteni alikesha anasoma Biblia mpaka usiku wa manane kupita. Daktari alieleza baadaye kwamba aliganda kwenye aya ya Luka 19:27, mahali Mfalme anapoagiza adui zake waletwe na kuchinjwa mbele yake, akaielewa kama amri.

Jumatano saa nne na dakika chache alifika chumba cha walinzi. Alimwambia Dobbin kwamba anawatoa mahabusu hawa watatu uani akawapige risasi, na kwamba anaona ndilo jambo sahihi la kufanya. Alikuwa ameshamwambia luteni nia yake kwa maneno yanayoeleweka kabisa. Dobbin alimtuma mtu haraka kwa afisa msaidizi wa kamanda, halafu risasi zikasikika. Nimejaribu kumhukumu kijana yule kwa haki. Alifanya zaidi ya wengine: alituma ujumbe. Ila kati ya kutuma ujumbe na kusimama mlangoni pana hatua moja, na watu watatu walikuwa upande wa pili wa hatua hiyo.

Ua ule haukufika futi 40 kwa urefu, na upana ulikuwa futi 15 hivi, umezungukwa na ukuta mrefu. Kapteni aliwachukua askari saba wa walinzi na sajenti wao. Mahabusu waliambiwa waende mbele hadi ukutani. Hawakufungwa macho, hawakuletewa kasisi, na hakuna aliyewaeleza wanakwenda kufanya nini. Walipofika ukutani, askari walifyatua. Dobbin aliingia akauona mguu wa Skeffington unatikisika. Akatuma kuuliza kwa kapteni afanyeje. Jibu likaja: apigwe tena. Dobbin akawapanga askari wanne, wakapiga tena.

Kapteni alikwenda mwenyewe kwa Meja Rosborough kuripoti. Alisema amewapiga risasi kwa kuhofia kwamba wangetoroka au wangekuja kuokolewa na waasi. Watu watatu wasio na silaha, ndani ya chumba chenye walinzi, katikati ya kambi. Rosborough alimwambia aandike ripoti, akawaarifu wakubwa, akaelekeza kwamba kapteni asitumike tena nje ya kambi. Hakumkamata. Agizo lake lenyewe halikushika, kwani siku ile ile kapteni alitoka tena mtaa wa Camden. Diwani wa chama cha Labour, Richard O'Carroll, aliyekuwa upande wa waasi, alipigwa risasi ya kifua huko baada ya kukamatwa, na mashahidi wamemtaja Bowen-Colthurst kuwa ndiye. Alikufa siku chache baadaye. Kesi ya mauaji hayo haijawahi kusikilizwa, kama ambavyo ya Coade haikusikilizwa.

Mjane anatafuta

Usiku ule maiti zilizikwa ndani ya kambi. Hanna hakuambiwa neno. Ijumaa dada zake wawili, mmoja wao mke wa Tom Kettle aliyekuwa afisa wa jeshi hilo hilo la Mfalme, walikwenda Portobello kumwulizia shemeji yao. Waliletwa mbele ya Bowen-Colthurst. Alikana kumjua Skeffington, akawashutumu kwamba wanaongea na waasi, wakatolewa nje chini ya ulinzi. Habari yenyewe Hanna aliipata kwa baba yake Coade. Mzee huyo alikuwa ameruhusiwa kuiona maiti ya mwanawe katika chumba cha maiti cha kambi, na pembeni akamwona Skeffington.

Jioni ile ile, mama akiwa anamwandaa mtoto kulala, askari walipiga risasi madirishani mwa nyumba yao wakaingia na singe kwenye bunduki. Kiongozi wao alikuwa Bowen-Colthurst. Hanna, mwanawe Owen ambaye alikuwa hajafikisha miaka saba, na msichana wa kazi waliamriwa kunyoosha mikono. Chumba cha kusomea cha marehemu kilikuwa kimefungwa kwa ufunguo. Askari walikifungua kwa funguo walizozitoa mwilini mwake.

Naomba msomaji atulie hapa kidogo, kwa sababu kwangu mimi hapa ndipo hoja ya wazimu inapoyumba. Mtu alimuua mwenzake Jumatano. Ijumaa anakwenda nyumbani kwa marehemu, na funguo za marehemu mkononi, kutafuta karatasi zitakazoonyesha kwamba aliyeuawa alistahili kuuawa. Juu ya hati moja aliandika kwamba ilipatikana kwa Skeffington mwenyewe, jambo ambalo tume haikulikubali hata kidogo. Tarehe 9 Mei anaandika ripoti ya pili, ndefu na yenye sababu kuliko ile ya kwanza, imejaa uvumi wa hatari zilizodaiwa kuwapo. Anayefanya hayo anajua kwamba atakuja kuulizwa, na anayajenga majibu mapema. Inawezekana akili ilimruka asubuhi ya Jumatano. Ijumaa ilikuwa inafanya kazi vizuri sana.

Na si yeye peke yake aliyekuwa akisafisha. Matofali ya ukuta yaliyokuwa na alama za risasi yaling'olewa, yakawekwa mapya. Tarehe 8 Mei maiti ya Skeffington ilifukuliwa ikazikwa upya makaburi ya Glasnevin. Baba yake mzazi aliitwa, kwa sharti kwamba asimwambie Hanna.

Meja aliyekataa

Meja Sir Francis Vane wa Royal Munster Fusiliers alikuwa amekabidhiwa ulinzi wa eneo la kambi, na asubuhi ya mauaji hakuwapo. Alijua baada ya watu wa mtaani Rathmines kumzomea yeye na askari wake, "Wauaji!" Alikwenda kwa Rosborough akataka kapteni akamatwe. Akaenda makao makuu Dublin Castle, ambako Meja Price, mkuu wa upelelezi, alimjibu kwamba wengine wao wanaona ni heri Skeffington ameondolewa. Vane aliomba likizo, akapanda meli kwenda London, na tarehe 3 Mei alikuwa mbele ya Waziri wa Vita, Lord Kitchener. Kitchener akaagiza kapteni akamatwe. Hata hapo siku zilipita: tarehe 6 Mei akawekwa chini ya ulinzi wa jina tu, bila kufungiwa, na tarehe 11, siku ambayo mbunge John Dillon alilisimamia jambo hili bungeni, ndipo akafungiwa kweli. Tangu mauaji, siku kumi na ushei alikuwa huru, na bunduki, na askari wa kuwaamuru.

Vane mwenyewe alikwenda kwa Hanna kumwomba radhi. Ndani ya miezi michache jeshi lilimwondoa kazini. Miaka kumi na tano nyuma, Afrika Kusini, alishawahi kupoteza nafasi kwa kuwapinga wakubwa juu ya walivyowatendea Makaburu, kwa hiyo alijua vizuri gharama ya alichokuwa anafanya alipopanda meli ile.

Mahakama na tume

Mahakama ya kijeshi ilikaa Richmond Barracks tarehe 6 na 7 Juni 1916. Hanna alikuwa ametaka kesi isikilizwe na mahakama ya kiraia na wazee wa baraza, kwa kuwa waliouawa walikuwa raia na kosa lilikuwa mauaji. Hakusikilizwa. Vane hakuitwa kutoa ushahidi. Mashtaka yalikuwa ya watu watatu wa ukutani tu. Madaktari walizungumza juu ya uchovu wa vita na Biblia ile. Hukumu: ana hatia, lakini hakuwa na akili timamu alipotenda. Akapelekwa Broadmoor, hospitali ya wahalifu wenye maradhi ya akili.

Hukumu hiyo iliwafaa wengi. Ikiwa kapteni ni mwendawazimu, basi Rosborough hakukosea ila kwa bahati mbaya, Dobbin alikuwa mtoto, Wilson alitii, na simu zilizopigwa makao makuu hazina haja ya kuulizwa ziliishia kwa nani. Hanna aliliona hilo mapema kuliko wanasheria. Tarehe 19 Julai alimkabili Waziri Mkuu Asquith London. Alipewa fidia nono badala ya uchunguzi wa wazi, akaikataa, akashikilia uchunguzi.

Tume iliyopatikana, chini ya Sir John Simon, ilisikiliza mashahidi Dublin mwishoni mwa Agosti. Mipaka yake ilikuwa finyu na haikuweza kumwita kapteni wala kumhukumu yeyote. Lakini ripoti yake ya tarehe 29 Septemba iliandika jambo moja waziwazi: kuwapiga risasi raia wasio na silaha na wasiopambana, bila kesi, ni mauaji, iwe sheria ya kijeshi imetangazwa au haikutangazwa. Wajumbe wakaongeza kwamba wasingeona haja ya kusema jambo lililo wazi hivyo, isipokuwa kutolielewa ndiko kunakoonekana kueleza kwa nini kapteni aliachiwa mkono huru muda wote ule. Ni lugha ya mawakili, ya polepole, na ndani yake wametajwa wote bila kutajwa majina.

Hanna alipeleka habari hii Marekani Desemba 1916, akahutubia mikutano zaidi ya 250. Januari 1918 alipokelewa na Rais Woodrow Wilson, Ikulu ya Marekani. Mwezi huo huo Bowen-Colthurst alitoka Broadmoor, baada ya mwaka mmoja na nusu hivi. Aliendelea kupokea nusu mshahara wa jeshi. Baadaye alihamia Kanada, akaishi British Columbia mpaka alipofariki 1965, umri wa miaka 85. Owen, yule mtoto wa singe, alikuja kuwa seneta wa Ireland, na kati ya vita alivyovipigana kwa miaka mingi ni vya kuondoa viboko shuleni.

Kambi ya Portobello ilikabidhiwa jeshi la Ireland mwaka 1922, na leo inaitwa Cathal Brugha. Ndani yake ndimo zilimo Nyaraka za Kijeshi za nchi hiyo. Anayetaka kusoma karatasi za wiki ile hupitia lango la kambi ile ile, hukaa mezani, huletewa faili, umbali wa matembezi mafupi tu kutoka mahali matofali yalipobadilishwa.